Mkasi na Kichwa cha Mama

Wifi yangu simpendi, na sitaki mtu asome habari hizi akitegemea kwamba mwishoni nitampenda. Ni mke wa kaka yangu, msusi kwa kazi, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana na mdomo usiojua kuzunguka. Nyumbani kwetu tunamwita Mkasi. Jina hilo alipewa na mama kwa hasira, na yeye badala ya kuona haya alikwenda akalipaka kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa saluni yake: KWA MKASI. Watu wakadhani ni mbwembwe za biashara. Mama alipopita pale mara ya kwanza na kulikuta tusi lake limeandikwa kwa herufi kubwa, alirudi nyumbani akalala mchana kutwa.

Saluni yenyewe ni chumba kimoja kirefu, kati ya fundi viatu na duka la nyaya za umeme. Kuna viti vitatu, sinki la kuoshea ambalo ufa wake umefunikwa kwa taulo ili usimkwaruze mtu shingo, draya mbili zinazonguruma, na mashine ya mvuke ambayo haiguswi na mtu ila yeye. Ukikaa kwenye kiti chake hakuulizi unataka nini. Anakufungua nywele, anazinyoosha kati ya vidole viwili, anazielekeza kwenye mwanga wa dirisha kama karani anayekagua noti, kisha anaguna. Kuguna kule ndiko kunakoudhi. Halafu unasikia kacha, kacha, na ncha zako ziko sakafuni.

Wateja wamelalamika mpaka wamechoka. Kuna binti mmoja aliyekwenda kusukwa tu, akatoka na nywele pungufu, akalia pale mlangoni mpaka fundi viatu akaacha nyundo yake na kuja kutazama aliyefiwa. Mkasi hakumbembeleza. Alimwambia kwamba ncha ikishapasuka mpasuko unapanda juu, usipoikata wewe itakatika yenyewe, tena itakatikia inapotaka. Binti akauliza, huku kamasi zinamtoka, kwa nini basi hakumuuliza kwanza. Mkasi akajibu kwamba mteja ukimuuliza atakataa, kwa hiyo yeye hamuulizi.

Na linaloniudhi zaidi ni kwamba wanarudi. Hata yule binti alirudi. Wanakaa, wanagunwa, wanapunguzwa ncha, wanapakwa kondishena, wanafunikwa kichwa kwenye mvuke hadi wanasinzia, na baada ya mwaka nywele zao zimejaa na zinang'aa na wao wanamsifia mtaa mzima. Mimi husikiliza sifa hizo nikiwa nimefunga kinywa.

Ugomvi wake na sisi ulianza wiki ile ile aliyoolewa. Lazima mjue kwanza kichwa cha mama kilikuwa ni nini. Mama yetu hakuwa na dhahabu wala nyumba ya ghorofa, alikuwa na nywele. Zilimfika katikati ya mgongo, nzito, nyeusi, na alikuwa akizichana kwenye kiti cha ukumbini ili kila aingiaye azione. Mkasi wowote haukuwa umezigusa tangu azaliwe, na alitulea sisi wasichana wake wawili kwa kuamini kwamba anayekata ncha anakata na kukua. Mtu akimwambia nywele zake ni nzuri, mama hakusema asante. Alisema, "Najua."

Basi akaja bibi harusi mpya, mgeni bado, hajui hata sukari tunaweka wapi, akajitolea kumwosha mkwewe nywele. Mama akaona ni heshima, akakaa. Bibi harusi akaosha, akapaka kondishena, akasuuza, akazinyoosha kati ya vidole viwili, akaguna. Kacha, kacha. Mama alipoinama kuokota kitana chake aliziona sakafuni, kama upana wa vidole viwili kutoka kila upande, zimetapakaa kuzunguka miguu ya kiti.

Hakupiga kelele. Alipiga magoti, mama yetu, akaziokota moja moja akazifunga kwenye kitambaa cheupe cha mfukoni. Kisha akamwambia kaka, mke wako huyu, huu mkasi uliotuletea, asikiguse kichwa changu tena mpaka nife. Bibi harusi akajibu kwamba zile ncha zilikuwa zimekufa. Hakuomba radhi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la maji, na nilimchukia tangu siku ile kwa moyo wangu wote.

Miaka ikapita hivyo hivyo. Mkasi hakuja kwetu, watoto waliletwa na baba yao. Kile kitambaa kilikaa kwenye droo ya kabati la mama, na wageni waliozoeleka walifunguliwa wakaonyeshwa, kama ushahidi wa mauaji. Mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa tukitingisha vichwa kwa wakati unaofaa.

Kisha kiharusi kikampiga mama. Kilimchukua upande wa kulia na sehemu kubwa ya maneno. Akawa wa kulishwa, wa kugeuzwa, wa kuoshwa, na kwa kinywa chake kilichopinda akaweza neno moja hapa, mawili pale, akivuta kila moja kama ndoo kutoka kisimani. Kazi tuligawana mimi na dada. Nywele alizichukua dada, kwa kuwa yeye ni mkubwa na hapendi kuachiwa kazi ndogo.

Dada yangu ni mwanamke mwenye nia njema, na nia yake njema imeshaharibu vitu vingi. Alisikia mahali kwamba yai bichi linatia nywele nguvu. Akavunja mayai kwenye kichwa cha mama, akayasugua vizuri mpaka kwenye ngozi. Hapo bado hakuna kosa. Lakini mama hapendi maji ya baridi, na dada ana huruma, kwa hiyo akachemsha maji ya kumsuuzia. Yai linapokutana na maji ya moto linafanya nini, hata mtoto anajua. Mayai yaliiva kichwani. Yakashika kila unywele, meupe, makavu, yananuka. Dada akaona aibu kusema, akapaka mafuta mazito ili kuficha, akafunga kitambaa. Kesho yake akapaka mengine. Akaendelea hivyo, mafuta juu ya yai, kitambaa juu ya mafuta, na mama kalalia kichwa hicho usiku na mchana, mpaka nilipokuja kukifungua nikakuta si nywele tena. Kilikuwa kipande kimoja kigumu kama mkeka.

Tuligombana mimi na dada jikoni kwa sauti za chini, ndizo mbaya zaidi. Nilimwita mpishi. Hakucheka.

Muuguzi anayezunguka majumbani alikuja, akajaribu kuingiza kidole pale chini, akashindwa. Akasema ngozi haipumui, vidonda vitaanza, na mtu aliyelala muda wote hana haja ya vidonda vya kichwani. Akasema atarudi Ijumaa na mashine, anyoe chote, nywele si uhai. Alisema mbele ya mama, kama vile mama ni kabati. Mama alikuwa akisikia kila kitu. Machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande uliopooza, yakaingia sikioni, na hakuwa na mkono wa karibu wa kuyafuta.

Kaka ndiye aliyesema Mkasi aitwe. Dada akasema bora kunyoa. Mimi nilisema nisiyoweza kuyaandika hapa. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja, na kati yetu hakuna aliyejua pa kuanzia, kwa hiyo kaka akamleta.

Aliingia na begi lake la kazi, akavua viatu, akanisalimia kwa kifupi, "Wifi," nami nikamjibu kwa kifupi hicho hicho. Akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama. Dada akamfungulia kile kitambaa cha kichwa. Mkasi akatazama, akainamia, akanusa.

"Nani kapika?" akauliza.

Dada akageukia ukutani. Nilitamani kucheka na nilitamani kumpiga Mkasi kofi, vyote kwa mpigo. Tukamwuliza kama kunaokoleka kitu. Akasema zipo, chini ya uchafu ule zipo, siku mbili tatu za kazi. Halafu akavuta kiti, akakiweka kando ya kitanda, akaketi, akakunja mikono. Tukangoja aanze. Hakuanza. Dada akamwambia maji tayari, taulo tayari, anangoja nini.

"Nangoja mwenye kichwa," akasema. "Aliniambia nisikiguse mpaka afe. Neno lake nimelishika miaka yote hii. Alifute mwenyewe."

Hapo nilisahau adabu. Nilimwambia kwamba mtu mwenye moyo hamlazimishi mgonjwa asiye na ulimi kumwomba, kwamba huko ni kulipiza kisasi kwa mtu aliyelala. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema mimi ninaweza kuliita jina lolote, lakini yeye kichwa kile hakigusi kwa ruhusa ya watoto. Akabaki na mikono yake imekunjwa. Mama akamtazama, naye akamtazama mama. Walikuwa wanachukiana kwa utulivu, kama watu waliozoea kazi. Chai niliyoileta ikapoa ikafanya utando. Kaka akatoka nje, wanaume wetu wana kipaji hicho.

Halafu mama akatoa mkono wa kushoto chini ya shuka. Akaunyoosha taratibu, ukaufikia mkono wa Mkasi, ukaukamata kwenye kifundo. Hakuushika kwa upole. Kucha ziliingia, niliziona zikiingia. Akauvuta mpaka kichwani kwake akaubandika pale.

"Fanya," akasema mama.

Mkasi akakunja mikono ya gauni.

Nitaeleza alivyofanya, maana niliyeshika beseni ni mimi. Hakulowesha kwanza, alisema maji yangekaza. Alimimina kondishena na mafuta mepesi mpaka mkeka ule ukanywa na kulainika, akaufunika kwa taulo lililokamuliwa katika maji ya uvuguvugu kwa kuwa mashine yake ya mvuke haibebeki. Kisha akaanza kuupasua kwa vidole, kutoka chini kwenda juu, kifungu kidogo kidogo, akikibana kila kilichofunguka kwa kibanio ili kisirudi kwa wenzake. Mayai yalitoka vipande vipande, akiyasuuza kwa maji ya kawaida kutoka kwenye jagi, na kila kipande alikiweka kwenye kisosi alichomwekea dada mbele yake, bila kusema neno. Kitana hakukitumia siku ya kwanza kabisa. Ya pili alitumia chanuo la meno mapana. Mama aliguna akiumizwa, na yeye akasimama kila mama alipoguna, akangoja, akaendelea. Vidole vyake vilichubuka pembeni ya kucha, akavifunga plasta akarudi.

Mchana wa siku ile ya pili nilimwuliza, kwa sauti isiyo nzuri, kama anafanya haya ili mama ampende.

"Mama yako hanipendi na mimi simpendi," akasema. "Nywele hazijanikosea kitu."

Alhamisi alasiri zikawa zimefunguka zote. Tulimkalisha mama kwenye kiti cha ukumbini, tukamwegemeza kwa mito, na zikateremka. Si kama zamani, zilikuwa zimepungua na kufifia, lakini zilifika mgongoni. Dada akalia. Mama akazishika kwa mkono wake mmoja, akaziangalia, na uso wake ukawa ule ule wa kusema "Najua."

Lakini ncha zilikuwa mbaya. Hata mimi niliona. Zilikuwa zimechanika kama nyuzi za kamba ya zamani, zinanasa kwenye chanuo, na zingeachwa zingeanza kufungana tena. Mkasi akazinyoosha kati ya vidole viwili kuelekea dirishani. Akaguna. Ukumbi mzima ukasikia kuguna kule, nikaona bega la mama linakaza.

Hapo Mkasi akafanya jambo ambalo nadhani alikuwa amelingoja tangu aolewe. Aliniambia nikalete kile kitambaa kwenye droo. Sikujua kwamba anajua kilipo, lakini wageni wana midomo. Nikamtazama mama. Hakukataa. Nikakileta.

Akakifungua kwenye meza ndogo mbele ya mama. Zilikuwamo, ncha za miaka ile, zimekauka lakini nyeusi bado. Akachukua unywele mmoja wa zamani, akaushikilia kwenye mwanga, akamsogelea mama ili aone vizuri. Ulikuwa umepasuka mara mbili kwa urefu wote, na kwenye mpasuko kuna kidoa cheupe. Akachukua mwingine, hivyo hivyo. Akachukua wa tatu. Kisha akaweka kando yake ncha ya nywele zilizoko kichwani. Hakukuwa na tofauti yoyote.

"Tazama, mama," akasema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na sikuwahi kuisikia ikitetemeka. "Zilikuwa zimekufa. Siku ile zilikuwa zimekufa. Umewaonyesha watu kitambaa hiki miaka yote, hakuna hata mmoja aliyezitazama."

Ni kweli, hatukuzitazama. Nilizitazama siku ile na nikaona, na iliniuma kuona, kwa sababu nilitaka sana awe ameongopa. Dada naye aliona. Mkasi alisimama pale na unywele wake mkononi, amewashinda watu wote wa nyumba ile, na sisi wote tulijua hivyo.

Mama akautazama ule unywele muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akauchukua kutoka kwenye vidole vya Mkasi, akaurudisha kwenye kitambaa. Akaanza kukikunja, pembe moja, pembe ya pili, kwa shida, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaweka kiganja juu yake. Kinywa chake kikahangaika, kikatafuta, kikapata.

"Zilikuwa zangu," akasema.

Mkasi akafungua mdomo. Mimi ninamjua yule mwanamke, hajawahi kukosa jibu, ana majibu ya kukopesha. Akaufunga. Nikaona uso wake unabadilika polepole, kama mtu aliyetembea safari ndefu kwenye njia aliyokuwa na uhakika nayo, halafu akasoma kibao. Mama hakuwa amebisha kwamba ncha zilikufa. Labda hakuwahi kubisha. Miaka yote sisi tulikuwa tukigombania kama zilikuwa nzima, na yeye alikuwa amekasirika kwa jambo jingine kabisa, na hakuna aliyemwuliza.

Mkasi akaweka mkasi wake mezani. Akazunguka kiti, akachuchumaa mbele ya mama mpaka nyuso zao zikalingana. Watu wenye mabega kama yale hawachuchumai vizuri.

"Mama," akasema, "nipunguze?"

Mama hakujibu. Alikuwa amesikia, macho yake yalikuwa makali na mazima, lakini hakujibu. Alimwacha pale chini. Saa ya ukutani ikaendelea na kazi yake, magoti ya Mkasi yakalia, na mama akatazama dirishani, akatazama mlango, akanitazama mimi, akamtazama tena mkwewe. Sijawahi kumwona mtu anayefurahia kitu kama mama alivyofurahia dakika zile. Mkasi alingoja. Hakusimama.

"Kidogo," akasema mama mwishowe.

Akapunguza kidogo. Ijumaa muuguzi alikuja na mashine yake, akakuta kichwa kimesukwa mistari mipana, ngozi safi, akasema haya, mngeniambia. Tukamwambia haikuwa kazi yetu.

Hawakupatana, msinielewe vibaya. Mkasi huja kila baada ya wiki chache na begi lake, huosha, hupaka kondishena, hufunika taulo, kisha huchuchumaa na kuuliza. Mama hakumbuki kumwambia karibu wala kwaheri. Siku nyingine husema kidogo. Siku nyingine, kwa ukorofi tu, husema hapana, na Mkasi hufungasha vitu vyake huku taya zimekaza, akaondoka, akarudi wiki inayofuata kuuliza tena. Kitambaa kimerudi kwenye droo, ila hakifunguliwi kwa wageni.

Mwezi uliopita nilikwenda saluni kwake. Sikwenda kwa mapenzi, nywele zangu zilikuwa zinakatikia kwenye kitana, na wasusi wengine wote wa karibu nimeshagombana nao. Nikakaa kwenye kiti cha katikati. Aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni alikuwa ameulizwa, amekataa, na anaondoka na ncha zake mbovu amezishikilia kwa mkono kama mtu anayelinda mkoba. Fundi viatu aliniambia siku hizi wengi wanakataa, na Mkasi anawaacha waende, na baadaye anapiga meza.

Akanifungua nywele, akazinyoosha kuelekea dirishani. Akaguna. Nikaona kwenye kioo mkono wake unaufuata mkasi, unasita, unashuka. Akazunguka kiti akaja mbele yangu.

"Wifi," akasema, na alilisema jina hilo kama anatema mbegu, "nipunguze?"

Nikamwacha angoje.